Bendi Ikiwa Njiani: Mwongozo Kamili wa Kuishi Kindugu Nje ya Jukwaa

Ilikuwa Makambako, mwezi wa Julai, saa moja asubuhi, na baridi ya huko inajulikana. Usiku uliopita tulikuwa tumepiga dansi ambalo watu hawakutaka liishe. Asubuhi hiyo mafundi mitambo wetu wawili na mpiga dramu walikuwa wamekaa kwenye ngazi za gesti, wamejifunika mashuka, na hawakumwitikia mtu salamu. Nikadhani ni uchovu. Kumbe usiku, walipomaliza kufungua spika na kuzipakia garini, walirudi wakakuta sufuria la wali limebaki ukoko, na mchuzi umebaki mafuta yanayoelea. Sisi waimbaji na wanenguaji tulikuwa tumeshakula na tumelala.

Kesho yake, Njombe, tulipiga vibaya kuliko siku zote za ziara ile. Hakuna aliyesahau wimbo wala aliyekosa kuingia mahali pake. Ila dramu zilikuwa zinapigwa na mtu aliyelala na njaa, na besi ikawa inamsubiri, na sisi mbele tukawa tunaimba kila mtu peke yake.

Nimekuwa katibu wa bendi ya dansi kwa miaka 11, na kabla ya hapo nilikuwa mwimbaji wa kawaida. Dansi letu huanza saa tatu usiku na kwisha saa tisa. Hizo ni saa sita. Saa 18 zinazobaki mnakaa kwenye gari moja, gesti moja na meza moja, mkiwa mbali na watu wenu. Bendi nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjikia humo, na jukwaani ilionekana tu baadaye. Kwa hiyo nimeandika hapa tunavyofanya, hatua kwa hatua. Mfano wangu ni bendi ya watu 15 inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kilomita zaidi ya 800, ikipitia Morogoro, Iringa na Makambako, kwa wiki tatu. Wewe upunguze au uongeze kulingana na watu wako.

Hatua ya kwanza: kikao cha fedha, kabla gari halijawashwa

Fanyeni kikao hiki siku tatu au nne kabla ya safari, wote wakiwepo, hata dereva. Ajenda ni fedha tu. Mambo ya nguo na mpangilio wa nyimbo yana siku yake.

Andikeni kwenye daftari namna fedha ya mlangoni itakavyogawanywa, na andikeni kwa mfano wa tarakimu ili kila mtu aone. Tuseme wameingia watu 200 kwa kiingilio cha shilingi 10,000. Hizo ni shilingi 2,000,000. Ukumbi 300,000, mafuta 400,000, gesti vyumba 8 kwa 20,000 ni 160,000, chakula 140,000. Imebaki milioni moja. Tunatoa 100,000 ya akiba ya dharura, 900,000 inagawanywa kwa watu 15, kila mmoja 60,000. Kama kiongozi au mwenye vyombo anachukua fungu kubwa zaidi, liandikwe hapo hapo, mbele yake, na watu walikubali au walikatae wakiwa bado Dar. Mtu anaweza kuvumilia fungu dogo alilolijua tangu nyumbani. Kugundua akiwa Iringa kwamba mwenzake anapata mara mbili, hilo hatalivumilia.

Halafu zungumzeni tuzo. Hapa ndipo penye moto. Mwimbaji anasimama mbele, shabiki anapanda na kumbandika noti kwenye paji la uso, mwingine anatajwa jina anatoa elfu ishirini. Mpiga dramu yuko nyuma ya sahani zake, hakuna anayemfikia. Mpiga besi halikadhalika. Usiku mmoja mwimbaji anaweza kushuka na fedha inayozidi mgao wa mlangoni wa watu watatu. Sisi tuna kapu moja, la ukili, linakaa pembeni mwa jukwaa. Anayetuzwa anaondoka na nusu, nusu inaingia kapuni na kugawanywa sawa kwa waliobaki, dereva na mafundi wakiwemo. Nimeona bendi zinazoweka zote kapuni, na mimi sizipendi, maana mwimbaji ataanza kuficha noti kwenye soksi, na mwizi mkiwa mmemtengeneza wenyewe. Nusu kwa nusu watu huiheshimu.

Jambo la tatu katika kikao hiki ni fedha ya nyumbani. Kila mtu aache chochote kwake kabla ya kuondoka. Bendi ikiweza, itoe kianzio cha posho ya wiki moja na itume moja kwa moja kwa simu kwa mke, mume au mama ambaye mwanamuziki mwenyewe amemtaja. Mtu aliyeacha nyumba haina unga, hata mkipiga naye stori, akili yake haipo. Atakuwa mkali kwa jambo dogo, na nyinyi mtadhani ana roho mbaya.

Hatua ya pili: gari

Pangeni viti. Nasema hivyo kwa uzito, kwa sababu watu wazima hugombana juu ya kiti cha dirishani kuliko watoto. Kwenye Coaster yetu viti viwili vya mbele ni vya mtu anayetapika njiani na mzee kuliko wote. Vingine vinazunguka: aliyekaa nyuma juu ya magurudumu kutoka Dar hadi Morogoro, anasogea mbele Morogoro hadi Iringa. Magitaa hayakai chini ya miguu ya mtu. Mwenye gitaa akiona mwenzake amelikanyaga, hata kama ni kwa bahati mbaya, siku imeharibika.

Mkifika Ruaha Mbuyuni mtasimama, mtake msitake, kwa sababu ya vitunguu. Acheni watu washuke, wajadili bei, wanyooshe miguu. Tulikuwa na mpiga tarumbeta, mzee wetu, ambaye kila safari alikuwa anateua vitunguu vya bendi nzima, anabonyeza kimoja kimoja shingoni kuona kama kimekauka, na vijana wamemzunguka kama wanafunzi. Mzee yule alikuwa hasemi sana. Vijana wengi wa bendi walianza kuzungumza naye pale, kwenye vitunguu, na jioni wakawa wanamwendea kumuuliza mambo ya muziki. Ila vitunguu vinunuliwe wakati wa kurudi. Ukivinunua wakati wa kwenda, vitawanukia wiki tatu.

Muziki ndani ya gari: msisikilize nyimbo zenu wenyewe. Kila kosa litasikika na kila mtu ataona ni la nani. Sikilizeni vya zamani, sikilizeni Wakongo, au zimeni kabisa baada ya chakula cha mchana watu walale.

Na sasa jambo ambalo silifanyii mjadala na promota yeyote. Hatusafiri usiku baada ya dansi. Muziki wetu umepoteza watu wengi barabarani. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe naye, Januari 1979, Mombasa. Machi 2011 kundi la Five Stars Modern Taarab lilipoteza watu 13 eneo la Mikumi, wakirudi kutoka mkoa wa Mbeya, njia hii hii tunayoizungumzia. Kila tukikatiza Mikumi gari letu huwa kimya, hakuna aliyeamuru, wengine wanasoma Fatiha, wengine wanafanya ishara ya msalaba. Promota anapokwambia kesho mchana lazima muwe mji mwingine kwa hiyo muondoke saa kumi usiku, mwambie hapana. Panga ziara yako iwe na siku ya kusafiri ambayo haina dansi. Dereva ambaye amekaa ukumbini hadi saa tisa hajalala, hata kama alikuwa amefumba macho ndani ya gari.

Hatua ya tatu: vyumba

Vyumba vinane kwa watu 15. Wanaume kumi, vyumba vitano. Wanawake wanne, vyumba viwili. Chumba cha nane ni cha dereva, peke yake. Watu wapya hulalamika kwamba dereva anadekezwa. Waambieni roho za watu 15 ziko mikononi mwake, basi alale anavyotaka, na simu za usiku asipigiwe.

Msiwaache watu wachague wenyewe wa kulala nao usiku wa kwanza pale mapokezi, mbele ya wageni wengine. Yupo ambaye hatachaguliwa, na ataikumbuka dakika ile. Katibu aje na karatasi imeshaandikwa. Mimi huwa namuweka mzee na kijana chumba kimoja, wanaopiga chombo kimoja au wanaokaribiana: mpiga solo mkongwe na mpiga rithimu mgeni, mwimbaji wa kwanza na wa tatu. Gesti za mikoani ukuta wake ni mwembamba, nimesikia mengi. Nimemsikia mzee akimwonyesha kijana, saa tano asubuhi, gitaa halijachomekwa popote, jinsi ya kuingia nyuma ya solo bila kulikanyaga. Anapiga kidogo, anasimama, anasema, "Sikia, hapa unamwachia mwenzio apumue." Kisha anarudia. Mafunzo ya namna hiyo huyapati mazoezini, kwa kuwa mazoezini mzee analinda jina lake na kijana anaona haya kuuliza.

Usiwaweke pamoja anayekoroma na mwenye usingizi mwepesi. Hilo lijue kabla. Wala usiwaweke pamoja mtu anayekunywa na mtu aliyeacha kunywa.

Kanuni za chumba kwetu ni chache. Mgeni haingii kwenye chumba cha watu wawili bila mwenzako kukubali, na kukubali kuwe kwa kweli, si mtu ameamshwa saa kumi usiku akiwa na shuka mkononi aende kulala kwenye gari. Anayetaka mgeni alipie chumba kingine kwa fedha yake. Kelele hazianzi kabla ya saa nne asubuhi. Vyandarua vikaguliwe mchana, kabla ya dansi, maana usiku hakuna atakayekuwa na nguvu ya kudai kingine mapokezini.

Kuhusu wanawake kwenye bendi nitasema kwa sauti yangu mwenyewe. Vyumba vyetu viwe vinafuatana, visiwe mwisho wa korido, na funguo tukabidhiwe sisi. Mnenguaji akishuka jukwaani awe na njia ya kupita hadi garini bila kushikwa-shikwa na mashabiki, na kazi ya kumpitisha wapewe watu wawili maalumu, wanaobadilishana. Mwanamuziki wa kiume anayesema "ni mashabiki tu, uwavumilie" hajui tunavyolala na hasira. Kwetu mpiga tumba na fundi mmoja walijitolea kazi hiyo bila kuulizwa, na tangu siku hiyo ndio tunaowaita kaka kwa maana yake.

Hatua ya nne: chakula

Baada ya Makambako tuliweka kanuni, na imedumu. Chakula cha usiku kikifika, kwanza kinapakuliwa cha wanaopakia vyombo. Kinafunikwa kwa sahani nyingine, kinawekwa juu ya kabati la mapokezi, na jina limeandikwa. Baada ya hapo ndipo wengine wanakula. Asiyekula na wenzake kwa sababu alikuwa anawabebea mizigo asipate tena ukoko.

Mchana kuleni pamoja mara moja, hata kama ni kwa mamantilie wa stendi. Sinia mbili za pilau au ugali na samaki, mnazizunguka. Asubuhi kila mtu na chai yake, maana wengine huamka saa mbili na wengine saa sita. Chakula cha pamoja kinaonyesha mapema kilichoharibika. Nani hakuja? Nani amekaa sinia ile siku zote na leo amehama? Katibu aweke mkono wake kwenye tonge na macho yake kwa watu.

Tafuteni sehemu moja yenye nyama iliyochinjwa halali na wote mle hapo, msigawanyike wa huku na wa kule. Safari ikiangukia Ramadhani, dansi nyingi husimama, lakini kama mko njiani, wasiofunga wasile mbele ya wanaofunga ndani ya gari, na jioni futari iwe ya wote. Nimekula futari Iringa na wenzangu wa bendi ambao ni Wakristo, uji wa pilipili manga, viazi na tende, na mpiga saksafoni wetu ambaye ni Mlutheri ndiye aliyekuwa anaamka kugonga milango ya watu wa daku, kisha anarudi kulala.

Hatua ya tano: siku ambazo hamna dansi

Jumatatu hadi Alhamisi ndizo ngumu. Fedha ya mwisho wa wiki imeanza kuyeyuka, mji mmeshauzunguka, na kila mtu amekwisha simulia hadithi zake. Pombe huanza mchana siku hizi. Umbea nao huanza siku hizi.

Asubuhi ya Jumatatu ni ya kulala na kufua. Tafuteni gesti yenye ua na kamba, mfue pamoja. Sare za jukwaani zifuliwe na mtu mmoja anayelipwa kutoka kwenye akiba, asionewe mwanamke wa bendi kwa sababu tu ni mwanamke. Mchana wa Jumanne tunashughulikia vyombo: nyuzi zinabadilishwa, waya zinajaribiwa, ngozi ya tumba inaangaliwa, kila mmoja anamsaidia mwenzake. Fundi mitambo hapo ndiye mwalimu, na ni vizuri siku moja kwa wiki mwimbaji akae chini yake amshikie koleo.

Mechi ya mpira na maveterani wa mji husika ni jambo jema sana. Inawaletea mashabiki wa Ijumaa, na inamfanya mtu mnene wa kinanda aonekane shujaa golini. Bao na drafti ziwepo kwenye gari. Karata pia, lakini kamari ya fedha ipigwe marufuku kabisa. Mtu akipoteza mgao wake kwa mwenzake wanayelala chumba kimoja, hamna kikao kitakachowapatanisha ndani ya ziara hiyo.

Mkiwa Morogoro, katafuteni wazee wa muziki. Mji ule ndio wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz, bendi ambayo mwaka 1970 ilifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo. Mkiwa na ziara ya kaskazini, Tanga mna Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za kuuliza habari zake, na magharibi mna Tabora Jazz. Kila mji huo una mzee aliyewahi kucheza, kushona sare au kubeba vyombo, na yuko kibarazani kwake hakuna anayemuuliza. Nendeni watano hivi, na sukari kilo mbili. Mtarudi mkiwa na la kuzungumza kwa wiki nzima, na vijana wataona kwamba kazi yao ina babu.

Pamoja na yote hayo, mwacheni mtu anayetaka kuwa peke yake. Wapo ambao upendo wao kwa bendi unahitaji mchana mmoja wa kimya. Mpiga besi wetu hutembea peke yake kila Jumatano, haambii mtu anakwenda wapi, anarudi magharibi na maparachichi. Zamani nilimfuata-fuata nikidhani ana kinyongo. Hana.

Hatua ya sita: utani, na mahali unapokomea

Sisi tuna bahati ya kuwa na utani wa makabila. Mngoni na Mhehe ndani ya gari moja ni burudani ya kilomita zaidi ya mia moja, na vita vyao vya karne ya 19 vinapiganwa upya kuanzia Kitonga hadi Mafinga. Utani huu unaruhusu mtu kumwambia mwenzake ukweli ambao angeusema kavu ungeleta ngumi. Kijana aliyechelewa mazoezini anaambiwa na mtani wake, anacheka, na kesho anawahi.

Mipaka yetu imeandikwa kwenye ukurasa wa pili wa daftari. Hakuna utani juu ya mtoto wa mtu, juu ya ndoa iliyovunjika, juu ya ugonjwa, wala juu ya kosa lililofanyika jukwaani usiku uleule. Kosa la jukwaani lina saa yake, kesho mchana, kwenye kikao. Na mgeni asiye mtani wa mtu aonyeshwe kwanza. Kijana wa Kikongo aliyejiunga nasi alikaa wiki mbili akidhani wenzake wanagombana kila siku. Mtu amweleze, na apewe mtani wake naye.

Hatua ya saba: ugomvi unapotokea

Utatokea. Usizungumzwe usiku wa dansi, hata kama wote wawili wanataka. Watu wamechoka, wengine wamekunywa, masikio bado yanavuma. Watenganishe vyumba usiku huo bila maelezo marefu.

Kesho yake baada ya chai, mzee mmoja ambaye si kiongozi awaite wawili hao pembeni. Kiongozi asiwe hakimu wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga mgao na watadhani ana upande. Kila mmoja aeleze lake bila kukatwa. Halafu mzee aulize swali moja: unataka nini ili leo usiku upige kwa moyo? Mara nyingi jibu ni dogo kuliko kelele zilizokuwepo. Mmoja anataka kuombwa radhi mbele ya waliomsikia akitukanwa. Mwingine anataka kurudishiwa waya wake. Likitatuliwa, liandikwe tarehe tu kwenye daftari, bila maelezo, na lisirudiwe.

Na kama mtu ameamua kuondoka, aondoke vizuri. Historia ya muziki wetu imejaa watu kuhama. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika walitoka wakaanzisha Les Wanyika, na Afrika Mashariki ikapata bendi mbili kubwa. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz, akaenda Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound na wenzake kadhaa, na mwisho wa safari yake ndefu alikuwa tena Msondo, ndiyo NUTA ileile kwa jina jingine. Kwa hiyo anayeondoka lipeni haki yake yote hadi siku ya mwisho, mpeni nauli, mwombeni amalize ziara kama anaweza. Sisi tulimuaga mwenzetu kwa chakula cha jioni Mbeya, kuku wawili na ndizi, akalia. Sasa yuko bendi nyingine, na mpiga solo wetu alipoumwa, ndiye aliyekuja kushika gitaa bila kuuliza malipo.

Hatua ya nane: ugonjwa na msiba

Homa ikimshika mtu, apelekwe kupimwa. Asimezeshwe dawa kwa kubahatisha. Ikiwa ni malaria na amepewa dawa mseto, ni vidonge mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na anayelala naye chumba ndiye anayemkumbusha hadi kiishe cha mwisho. Watu huacha wakisikia nafuu siku ya pili. Fedha itoke kwenye akiba ile tuliyoiweka, na mgonjwa apate mgao wake kamili kama aliyepiga.

La msiba nitalieleza kwa sababu nilikosea. Tulikuwa mjini, mimi na daftari langu, saa kumi na moja jioni, nikapigiwa simu na ndugu wa mwimbaji wetu. Mama yake alikuwa amefariki mchana. Tiketi za ukumbi zilikuwa zimeshauzwa. Kiongozi wetu wa wakati ule alisema tumwambie baada ya dansi, na mimi nikakubali. Alipanda jukwaani akacheka, akatania watu, akaimba wimbo ambao kila akifika ubeti wa tatu humtaja mama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, naitikia. Nilimwona mpiga rithimu, ambaye naye alijua, anageuza uso.

Tulimwambia saa tisa na nusu. Hakutukana mtu. Aliuliza tu, "Mlijua tangu saa ngapi?" Nikamwambia. Akaingia chumbani kuvua sare, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Alikwenda kuzika na hakurudi kwetu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mwambieni palepale. Mwambieni mkiwa wawili, mmoja mzee na mmoja rafiki yake wa karibu, mahali penye mlango. Tafuteni usafiri saa hiyo hiyo, na mtu mmoja aende naye, asisafiri peke yake. Ukumbi mtauomba radhi. Mimi nimewahi kusimama mbele ya ukumbi baadaye, kwa msiba mwingine, nikawaambia watu kwamba mwimbaji wetu amefiwa, na hakuna aliyedai kiingilio. Walipitisha kofia, nikahesabu 184,000 za rambirambi.

Hatua ya tisa: kurudi

Siku ya kurudi kila mtu anataka kushukia kwake. Gari likifika Kibaha, mmoja anataka kushuka Mbezi, mwingine Kimara, na mnajikuta mafundi wawili na dereva wanafika stoo na tani nzima ya vyombo. Kwetu hakuna anayeshuka njiani, isipokuwa mgonjwa au mwenye mtoto mchanga. Wote tunafika stoo, wote tunashusha, waimbaji na wanenguaji pia. Ndipo mgao wa mwisho unafanyika, palepale, daftari likiwa wazi juu ya spika, kila mtu anaona tarakimu za akiba iliyobaki na kutia saini. Kisha dereva anawasambaza, anaanza na wanawake ikiwa ni usiku.

Kabla mtu hajaondoka, namvuta pembeni mmoja mmoja na kumuuliza swali moja kwa faragha: safari ijayo nikulaze na nani, na nani usingependa? Naandika nyuma ya daftari, ukurasa ambao ni mimi tu ninaousoma. Mwaka ule wa Makambako, mpiga dramu aliniambia anataka kulala chumba kimoja na fundi mitambo. Nikamuuliza kwa nini, wakati fundi yule anakoroma. Akasema, "Dada katibu, siku ile alinigawia nusu ya ukoko wake."